Deni la Ushuru na Mlango wa iTax: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Wakenya wengi hujua KRA inawadai siku ambayo kadi ya benki inakataa. Akaunti imefungwa, hundi imerudi, na meneja anaeleza kwa upole kwamba alipokea notisi kutoka Mamlaka ya Ushuru na hana la kufanya. Mwenye akaunti huapa kwamba hakuandikiwa hata mstari mmoja. Mara nyingi aliandikiwa, tena zaidi ya mara moja. Barua zilikwenda kwenye anwani ya barua pepe iliyosajiliwa iTax, tovuti ya KRA, na anwani hiyo ni ya kijana wa saiba aliyemfungulia PIN miaka ile alipokuwa akiomba mkopo wa HELB.

Kwa hiyo orodha hii inaunganisha mambo mawili ambayo watu huyaweka mbalimbali: deni la ushuru, na njia ya kuingilia akaunti ya mtandaoni. Deni usiloliona huwezi kulipinga, na huwezi kuliona ikiwa mtu mwingine ndiye mwenye mlango. Maagizo haya ni ya mlipaushuru wa Kenya, chini ya Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka 2015. Msomaji wa Tanzania au Uganda ana mamlaka yake na sheria zake. Achukue tahadhari za nywila, aache tarehe na viwango.

Hakikisha barua pepe iliyo iTax ni yako.

PIN yenyewe si siri. Ni herufi A, tarakimu 9, kisha herufi moja. Ya kampuni huanza na P. Umempa mwajiri, benki, chama cha akiba, na pengine cheti chenyewe kimebandikwa ukutani dukani. Siri ni nywila, na nywila mpya huombwa kupitia barua pepe. Anayeshika barua pepe ndiye anayeshika akaunti, hata kama cheti kina jina lako kwa wino mweusi.

Basi ingia uone. Andika PIN, andika nywila, kisha jibu ile hesabu ndogo inayojitokeza kila mara, ya kujumlisha au kutoa tarakimu chache. (Hesabu hiyo huzuia mashine za kubahatisha. Mtu anayeijua nywila yako ataifanya kama unavyoifanya wewe.) Fungua sehemu ya usajili utazame barua pepe, nambari ya simu na anwani ya posta. Ukikuta anwani yenye jina la saiba, au ya mpenzi wa zamani, au ya mhasibu aliyeondoka kazini kwenu, ibadilishe. Ikiwa nywila imepotea na barua pepe hiyo huwezi kuifungua, chukua kitambulisho uende ofisi ya KRA au Huduma Centre wewe mwenyewe. Usimtume mtu. Sheria inakutaka uarifu mabadiliko ya maelezo yako ndani ya siku 30, kwa hiyo usisimame kaunta kama mwenye kuomba hisani. Unatimiza wajibu.

Nambari ya simu nayo ina hatari yake. Laini iliyolala kwa miezi mingi hufungwa na kuuzwa tena kwa mtu asiyekujua. Yeye ndiye atakayepokea ujumbe wako.

Usimpe mtu nywila. Mtu yeyote.

Si mhasibu, si karani, si mume wala mke, si mpwa aliyesoma kompyuta. Mhasibu anayekwambia hawezi kukufanyia kazi bila nywila yako anatafuta urahisi wake. iTax ina nafasi ya kumteua wakala wa ushuru, naye huingia kwa PIN yake mwenyewe, kazi anayoifanya ikabaki na jina lake. Mawakala hao hupewa leseni. Uliza leseni kabla ya kuuliza bei. Ukimchoka unamwondoa, na hakuna kilichobaki mkononi mwake.

Mwenye nywila anaweza kufanya nini? Anaweza kuwasilisha ritani usiyoijua. Anaweza kubadilisha barua pepe na kukufungia nje. Anaweza kukusajili kwa VAT ukiwa huuzi hata kibiriti. Kuna mtindo wa ulaghai ambao KRA imeuandama kwa miaka: mfanyabiashara hewa anatoa ankara za mauzo yasiyokuwepo ili wenzake wapunguze VAT wanayodaiwa. Mtindo huo unahitaji PIN za watu halisi. Muuza mitumba wa Gikomba anaamka siku moja leja ikionyesha kwamba aliuza saruji ya mamilioni, na asilimia 16 ya mamilioni hayo inadaiwa kwake. Kujitoa hapo kunawezekana, lakini kutakugharimu wakili na siku nyingi za kukaa kwenye viti vya ofisi.

Kampuni zizingatie hili zaidi. Siku ambayo mhasibu anaachishwa kazi ndiyo siku ya kubadilisha nywila ya iTax, ya barua pepe ya kampuni na ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Usingoje akabidhi funguo za ofisi kwanza.

Usiache akaunti wazi saibani. Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi nywila, kikatalie. Ukimaliza, toka kwenye akaunti. Kufunga dirisha tu hakutoshi. Fomu ya P9 uliyopakua ifute kwenye kompyuta, hata kwenye pipa la takataka la kompyuta, kwa maana ina mshahara wako, PIN yako na jina la mwajiri. Na usimwachie mhudumu karatasi yenye nywila eti amalizie mtambo ukirudi hewani. Rudi kesho.

Chagua nywila isiyokisika, na swali la siri lenye jibu la siri.

Jina la mtoto likifuatwa na mwaka wa kuzaliwa si nywila. Jina la timu yako si nywila. Zaidi ya hapo, watu huweka nywila ngumu kisha wakajibu swali la siri kwa ukweli mtupu: shule ya msingi uliyosoma, jina la mama kabla ya kuolewa, mji ulikozaliwa. Hayo yanajulikana na ukoo mzima, na yako Facebook. Hakuna sheria inayokutaka ujibu ukweli. Andika jibu ambalo halina uhusiano na swali, ulihifadhi mahali pako.

Barua pepe yenyewe iwekee uthibitisho wa hatua mbili. Ndiyo inayolinda vingine vyote.

Usibofye kiungo cha ushuru kilicholetwa na ujumbe.

Juni ni msimu wa matapeli. Ujumbe unakuja: una marejesho ya pesa yanayokungoja, bofya hapa, au, PIN yako itazimwa leo saa sita usiku, thibitisha hapa. Ukurasa unaofunguka una nembo, rangi na mpangilio wa KRA. Tazama anwani juu ya ukurasa. Neno kra likiwa mwanzoni halithibitishi kitu. Mtu yeyote anaweza kuliandika. Cha kutazama ni mwisho wa jina la tovuti, kabla ya mkwaju wa kwanza: lazima liishie kwa kra.go.ke, na iTax yenyewe ni itax.kra.go.ke. Likiishia kwa kitu kingine, funga. Afadhali uandike anwani kwa mkono wako kila mara.

Simu nazo ni vivyo hivyo. Anayekupigia akijiita afisa, akakutajia PIN yako, nambari ya kitambulisho na jina la kampuni yako, hajathibitisha chochote, maana hayo yote yako kwenye makaratasi uliyogawa mjini kwa miaka mingi. Usibishane naye na usimtukane. Kata simu, kisha upige wewe kituo cha huduma cha KRA, 0711 099 999, uulize kama kuna jambo lolote katika akaunti yako. Afisa wa kweli hatakasirika. Na hakuna afisa wa ushuru, wa ngazi yoyote, mwenye haja ya kujua PIN yako ya M-Pesa.

Usilipe deni la ushuru kwenye simu ya mtu.

Ushuru hulipwa kwa nambari ya malipo, PRN, unayoitoa ndani ya iTax. Nambari hiyo hubeba aina ya ushuru, kipindi na kiasi. Ukiwa nayo unaweza kulipa benki, au kwa Paybill ya serikali, 222222, ukiandika PRN kwenye nafasi ya akaunti. Njia yoyote isiyotumia PRN, hasa ile ya "nitumie hapa nikulipie haraka", ni wizi au ni hongo. Ikiwa ni wizi umepoteza pesa. Ikiwa ni hongo umepoteza pesa na umetenda kosa, na deni bado lipo.

Baada ya kulipa, ingia uone kama malipo yameingia kwenye leja dhidi ya kipindi sahihi. Malipo ya Machi yakitua Aprili, Machi itaendelea kuzaa riba huku Aprili ikionyesha ziada.

Soma leja kabla ya kulia au kulipa.

Deni la ushuru lina sehemu tatu, na kila moja ina kanuni yake. Kuna ushuru wenyewe. Kuna adhabu ya kuchelewa kulipa, ambayo ni asilimia 5 ya ushuru huo, inatozwa mara moja. Kuna riba ya asilimia 1 kwa mwezi au sehemu ya mwezi. Chukua ushuru wa shilingi 100,000 ambao haukulipwa kwa miaka 2. Adhabu ni 5,000. Riba ni 1,000 kila mwezi, jumla 24,000. Deni limefika 129,000. Riba hiyo haizai riba juu yake, na sheria inaikataza kuzidi ushuru wenyewe: deni la 100,000 haliwezi kubeba riba ya 100,001. Ukipewa hesabu inayovuka hapo, ikatae kwa maandishi.

Mbali na hizo kuna adhabu ya kuchelewa kuwasilisha ritani. Kwa mtu binafsi, kwa ritani ya mapato ya mwaka, ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kiasi kilicho kikubwa zaidi. Kwa kampuni ni 20,000 au asilimia 5.

Leja nayo hukosea. Malipo ya zamani yaliyofanywa kabla iTax haijashika kazi hayakuingia yote vizuri, ritani iliyorekebishwa huacha ile ya kwanza ikining'inia, na mwajiri aliyekata PAYE kwenye mshahara wako bila kuipeleka anakuachia wewe maswali. KRA ilaumiwe hapa, tena kwa sauti. Iliwasukuma mamilioni ya watu kwenye mtambo wa kompyuta, wakiwamo wasiomiliki kompyuta, na ndiyo iliyomfanya kijana wa saiba kuwa karani wa ushuru wa nchi nzima bila mshahara wala kiapo. Lakini lawama haisahihishi leja. Hati ndizo zinazosahihisha.

Usidharau ritani ya sifuri, wala usiitumie kama maficho.

Mwanafunzi aliyechukua PIN mwaka wa kwanza na hana kipato bado anatakiwa kuwasilisha ritani ya sifuri kila mwaka. Akikaa miaka 5 bila kufanya hivyo, anaweza kuhitimu akiwa na deni la 10,000 kabla hajapata hata kibarua. Wengi hulikuta deni hilo wanapoombwa cheti cha uzingativu wa ushuru ili waajiriwe.

Upande wa pili ni mbaya zaidi. Aliyeajiriwa na kukatwa PAYE asiwasilishe sifuri kwa kuwa saiba inatoza bei nafuu. Mwajiri ameshapeleka jina lake na mshahara wake. Mwenye duka asiwasilishe sifuri huku ankara za eTIMS zikionyesha amenunua bidhaa kila wiki. Taarifa ya uongo iliyotolewa kwa makusudi hutozwa adhabu ya asilimia 75 ya ushuru uliofichwa, na kesi ya jinai inaweza kufuata.

Hesabu siku 30, na uanze leo.

Ukipata tathmini usiyokubaliana nayo, una siku 30 kuwasilisha pingamizi kwa Kamishna. Siku hizo huhesabiwa tangu ulipoarifiwa, na arifa iliyotumwa kwenye barua pepe uliyoiandikisha mwenyewe ni vigumu kuikana. Hapo ndipo wengi hupotea: wanaanza kutafuta wakili siku ya 45.

Pingamizi si barua ya kulalamika. Taja tathmini ipi, kosa liko wapi, kiasi gani kinapaswa kurekebishwa na kwa sababu gani, kisha uambatanishe hati. Sehemu ya deni unayoikubali uilipe, au uwe umeomba muda wa kuilipa. Bila hivyo pingamizi zima linaweza kutupwa. Uliwasilishe ndani ya iTax na uhifadhi hati ya kulipokea. Kumnong'onezea afisa unayemfahamu hakusimamishi hesabu ya siku.

Kamishna naye ana siku 60 za kuamua. Zikipita kimya, pingamizi lako linahesabiwa kuwa limekubaliwa. Akilikataa, una siku nyingine 30 kwenda Jopo la Rufaa za Ushuru. Ukichelewa kwa sababu ya ugonjwa, kuwa nje ya nchi au sababu nyingine ya maana, omba kuongezewa muda, ukiwa na ushahidi. "Sikuona barua pepe" ni sababu dhaifu, na "barua pepe haikuwa yangu" ni dhaifu zaidi ikiwa wewe ndiye uliyeiacha hapo miaka 6.

Omba kulipa kwa awamu kabla hawajaja.

Kutokuwa na pesa si sababu ya kunyamaza. Sheria inakuruhusu kumwomba Kamishna muda au mpango wa awamu. Omba mapema, na uombe kiasi unachoweza kukilipa hata mwezi mbaya. Duka la kuuza simu linalobakisha 40,000 kwa mwezi lisiahidi 35,000 ili kumfurahisha afisa. Ukikosa awamu moja, salio lote linadaiwa papo hapo, na riba haikusimama wakati wote ulipokuwa ukilipa. Ahadi ndogo inayotimizwa mwaka mzima inakulinda kuliko ahadi kubwa inayovunjika Machi.

Usihamishe mali ukisikia KRA inakuja.

Kwanza ujue wanachoweza. Wanaweza kupeleka notisi kwa yeyote anayeshika pesa zako au unayemdai: benki, mteja, mwajiri, mpangaji. Aliyeipokea ni lazima ailipe KRA. Wanaweza kuweka zuio juu ya ardhi yako kwa msajili, nalo likakaa hapo hadi deni liishe. Wanaweza kukamata bidhaa na kuziuza kwa mnada. Wanaweza kwenda mahakamani kulidai kama deni lingine lolote. Wanaweza pia kuomba uzuiwe kutoka nchini, na ukagundua hilo ukiwa JKIA na begi lako.

Wasichoweza ni kuirusha notisi hiyo kwa benki wakati wowote wanaotaka. Sheria imetaja mazingira yake: umekosa awamu, au ulijitathmini mwenyewe usilipe, au ulipewa tathmini ukaacha muda wa pingamizi upite, au ulishindwa na hukukata rufaa. Ikiwa pingamizi lako liliwasilishwa kwa wakati na bado halijaamuliwa, notisi iliyofika benki ipinge siku hiyo hiyo, ukiwa na ile hati ya kupokelewa. Bila hati hiyo utabaki kusimulia.

Neno kwa mpangaji, maana hakuna anayesema naye. Ukipokea notisi inayokuambia ulipe kodi ya nyumba kwa KRA, usichukulie ni ugomvi wa mwenye nyumba. Thibitisha kwa KRA kwamba ni ya kweli, kisha uitii, na umpe mwenye nyumba nakala. Ukiendelea kumlipa yeye, unaweza kudaiwa pesa hizo wewe mwenyewe. Mwenye nyumba hawezi kukuhesabia kuwa hujalipa kodi uliyoipeleka KRA kwa notisi halali.

Na kuandikisha gari kwa jina la shemeji baada ya kupokea tathmini hakumdanganyi mtu. Tarehe ya uhamisho iko kwenye rekodi, tarehe ya tathmini iko kwenye rekodi.

Usimlipe mtu "akufutie" deni.

Kila mji una mtu anayesema ana mtu Times Tower, makao makuu ya KRA. Anataka nusu ya deni, taslimu, naye atalifuta usiku. Anachofanya mara nyingi ni kuingia akaunti yako, kwa nywila uliyompa, na kubadilisha ritani ili deni lionekane limepungua. Mkaguzi akija, ritani hiyo ni yako, na uongo ulio ndani ni wako.

Msamaha wa kweli hutoka bungeni, una tarehe, na unatangazwa mchana. Kuanzia Septemba 1, 2023 hadi Juni 30, 2024 walipaushuru walisamehewa riba na adhabu za vipindi vya hadi Desemba 31, 2022, mradi walipe ushuru wenyewe. Msamaha ukarudi Desemba 27, 2024 hadi Juni 30, 2025, safari hiyo kwa vipindi vya hadi Desemba 31, 2023. Mara zote mbili ushuru wenyewe haukusamehewa. Mwenye kukaa akingoja msamaha wa tatu anakisia, na kila mwezi wa kukisia ni asilimia 1.

Usinunue cheti cha uzingativu wa ushuru. Hutolewa bure ndani ya iTax na hudumu mwaka 1. Anayekipokea anaweza kukihakiki mtandaoni kwa dakika moja. Cheti cha kughushi kimewanyima watu zabuni na kuwapeleka kortini, na ukikikosa cha kweli, iTax itakuonyesha kinachokuzuia.

Hifadhi stakabadhi miaka 5. Zipige picha, kwani wino wa risiti za mashine hufifia kabla ya mwaka. Tangu Januari 1, 2024 gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi kupunguza ushuru. Muuzaji asiyetaka kukupa ankara hiyo anakuuzia bidhaa pamoja na ushuru wake.

Ukivamiwa, fuata mpangilio.

Badilisha nywila ya barua pepe kwanza, ndipo ubadilishe ya iTax. Ukianza na iTax, mvamizi aliye ndani ya barua pepe ataibadilisha tena kabla hujanywa chai. Piga picha za kila kitu kisicho chako: ritani, ankara, mabadiliko ya anwani, pamoja na tarehe. Nenda kituo cha polisi uandikishe, upewe nambari ya OB. Peleka nambari hiyo KRA pamoja na barua inayotaja kila shughuli unayoikana, moja moja. Usiandike "sihusiki na chochote". Andika "sihusiki na ritani ya VAT ya mwezi fulani". Ikiwa aliyevujisha maelezo yako ni mwajiri, saiba au kampuni, lalamika pia kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, chini ya sheria ya mwaka 2019.

Na mwenye saiba anayesoma hapa ajue: kuingia akaunti ya mteja bila idhini yake ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, na adhabu yake ni faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Mteja kukulipa shilingi 200 mwaka juzi si idhini ya leo. Daftari lako la nywila za wateja lichome.

Usingoje tarehe ya mwisho.

PAYE ni kabla ya kupita tarehe 9 ya mwezi unaofuata. VAT na ushuru wa kodi za nyumba ni tarehe 20. Ritani ya mwaka ya mtu binafsi ni Juni 30, na kila mwaka wiki ya mwisho mtambo hujaa, foleni za Huduma Centre hufika barabarani, na bei za saiba hupanda. P9 yako huwa tayari mwanzoni mwa mwaka. Jaza Machi, kwenye kompyuta ya mtu unayemwamini, kwa mikono yako.